Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Lindi na Mtwara: kompyuta zipo, fungu la kuziendesha halipo

KWA: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Mikoa ya Lindi na Mtwara
KUPITIA: macho ya kila mzazi atakayeisoma

YAH: VIFAA VYA TEHAMA KATIKA SHULE ZA UMMA KUKOSA FUNGU LA UENDESHAJI NA MATENGENEZO

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa shule za msingi na sekondari za umma, pamoja na mafundi wa kompyuta na umeme wanaoitwa shuleni mashine zikishazima. Suala hili tumelipitisha kwenye njia zake: kwa wakuu wa shule, kwa Maafisa Elimu Kata, hadi kwenye masijala zenu. Barua zilipokelewa na kugongwa muhuri, na jibu limebaki lile lile: linafanyiwa kazi. Bajeti nyingine iko njiani na fungu tunaloliomba halimo, ndiyo maana tunaandika hadharani. Hatutaji halmashauri wala shule kwa jina. Wahusika wanajijua, na ndio hao hao wenye uwezo wa kurekebisha.

Tuanze kwa kutenda haki. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilifika mikononi mwa walimu. Zipo shule zenye kompyuta za mezani na projekta. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yana mfumo wake mtandaoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeipa TEHAMA nafasi yake. Kwenye kununua na kugawa, kazi imeonekana. Malalamiko yetu yanaanzia pale picha ya makabidhiano inapokwisha kupigwa.

1. Umeme una bei, na bei hiyo haimo kwenye karatasi yoyote

Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 120 hivi. Zikiwaka 20 kwa saa 4, ni uniti 9.6 kwa siku; kwa siku 20 za masomo ni uniti 192. Uniti ya LUKU ya daraja la T1, kodi na tozo zikiwamo, ni kama shilingi 356. Chumba kimoja basi kinataka shilingi 68,000 hivi kila mwezi.

Iwekeni hesabu hiyo kando ya ruzuku ya uendeshaji. Mwanafunzi wa shule ya msingi hupangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi, zigharimie chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na stakabadhi za kila aina. Mwalimu mkuu anayechota 68,000 humo kwa ajili ya chumba kimoja ataonekana mbadhirifu, na kwa hesabu za shule ile hajasingiziwa. Kwa hiyo anazima swichi kubwa na kufunga mlango.

Kompyuta mpakato 20 za wati 45 kwa saa zile zile zinakula uniti 72, kama shilingi 26,000. Tofauti hiyo ingetosha kuwafanya wanaoandaa zabuni waache kuagiza za mezani, lakini bado zinaagizwa. Kuna sababu kubwa zaidi ya bei. Mwisho wa laini vijijini, umeme unaopaswa kuwa volti 230 hushuka hata chini ya 180 mashine za kusaga zikianza kazi. Kompyuta ya mezani hujizima, kazi inapotea, na diski ikikatiwa umeme hivyo mara kwa mara inaoza. Chaja ya mpakato hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, na betri yake inabeba somo hadi kipindi kiishe. UPS (vifaa vya akiba ya umeme) ndogo za VA 650 zinazonunuliwa kama dawa ya tatizo hili zina betri moja ya volti 12, Ah 7. Kwa joto letu betri hiyo huchoka ndani ya miaka miwili au mitatu. Baada ya hapo UPS ni tofali lenye taa, na hakuna kasma (kifungu cha bajeti) ya kununua betri nyingine.

Kisha kuna ethi, yaani waya na fimbo za kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kwenye mchanga wa pwani na kwenye udongo mkavu wa uwanda wa Newala, fimbo moja fupi ya ethi haitoshi. Ukishika kasha la chuma la kompyuta ukahisi mtetemo kwenye vidole, ujue ethi haipo au ipo kwa jina. Radi ya masika ikipiga karibu, chumba kizima kinaweza kuondoka siku moja. Fimbo mbili au tatu zilizounganishwa, mahali penye unyevu, zikapimwa kwa kipimo cha ethi hadi zishuke chini ya omu 10, ni kazi ya siku moja ya fundi. Hatujui kwa nini kipimo hicho hakiambatanishwi kwenye hati za makabidhiano ya vyumba vya kompyuta.

Kwa shule zisizofikiwa na nyaya, mfumo wa jua ni sawa, mradi ukadiriwe na mtu anayejua. Betri ya volti 12, Ah 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi. Ya asidi haifai kutolewa zaidi ya nusu, kwa hiyo ni uniti 1.2, ya lithiamu inatoa kama 1.9. Mpakato 10 za wati 40 kwa saa 4 zinahitaji 1.6. Mkinunua ya asidi kwa sababu ni rahisi, mmenunua ambayo haitoshi tangu siku ya kwanza, na hapo hatujahesabu runinga ya ofisini na simu za kijiji kizima zinazokuja kuchajiwa.

(Gesi inatoka kwetu, Mnazi Bay na Songo Songo, na bomba la kwenda Dar es Salaam limekamilika tangu 2015. Hatudai shule za hapa zipewe umeme bure kwa sababu hiyo, ingawa wazo lenyewe si baya.)

2. Mkuu wa shule anaogopa hasara kuliko anavyoogopa watoto kutojifunza

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halihitaji mkopo wala mfadhili.

Kifaa kikiingia kwenye leja kinasimama kwa jina la mkuu wa shule. Kikivunjika mikononi mwa mtoto, hana fomu ya kuandika kwamba kimeharibika kwa kutumika. Anachopata ni barua ya kujieleza, maswali ya mkaguzi, na maneno ya kukatwa mshahara. Kisichotumika hakimletei swali lolote. Mkaguzi anafungua kabati, anahesabu, idadi inalingana na leja, anatia saini. Hakuna safu ya kuuliza kifaa kimewashwa saa ngapi muhula huu.

Mtu mwenye akili timamu, kwa masharti hayo, atafunga kabati. Nasi tungefunga.

Gharama ya kabati haionekani kwenye leja, ila ipo. Dhamana ya muuzaji, ambayo mara nyingi ni mwaka mmoja, hupita mashine zikiwa ndani ya boksi, na kasoro za kiwandani hugundulika wakati hakuna wa kumdai. Betri ya lithiamu iliyohifadhiwa tupu hushuka hadi isikubali chaji tena. Iliyohifadhiwa imejaa kwenye kabati la bati lenye joto huvimba na kusukuma kioo. Vishikwambi vingi vinavyosemwa "vimekufa" vimekufa hivyo. Kuvihifadhi kunataka chaji ya kama asilimia 50, mahali penye hewa, na kuvigusa kila baada ya miezi miwili.

Mashine zilizokufa kweli nazo hazizikwi. Zinabaki chumbani kwa miaka, kwa kuwa kibali cha kufuta mali chakavu hakiji, na fundi haruhusiwi kuzifungua kwa spea. Kwenye rundo la mashine tatu za aina moja, aghalabu moja ina tatizo la umeme, moja la diski na moja la kioo. Ruhusa ya kuzifungua ingezaa mbili nzima kwa gharama ya nauli ya fundi.

3. Hewa yetu haikufikiriwa

Mikindani, Kilwa Kivinje na Lindi mjini upepo wa bahari unaingia darasani na chumvi yake. Chumvi na unyevu hushika meno ya vijiti vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yakafanya utando. Ukiwasha, kompyuta inalia milio bila kuonesha picha, na kwenye orodha inaandikwa "mbovu". Tiba yake ni dakika 15: zima, chomoa waya, toa kijiti, futa meno kwa kifutio cheupe cha penseli, malizia kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, subiri ikauke, rudisha hadi vishikizo vilie. Mashine nyingi zinazoandikwa mbovu pwani hazina ugonjwa mwingine.

Mifuniko ya nailoni inayokuja na mashine iondolewe. Inazuia vumbi, kweli, lakini inafungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba kinatosha, na mashine iwashwe walau saa moja kila wiki, likizo zikiwamo, ili joto lake lenyewe liikaushe.

Bara kidogo, kwenye mikorosho, adui ni mwingine na hatujaona mwongozo wowote unaomtaja. Salfa ya unga inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, husafiri na upepo wa asubuhi hadi madarasani. Salfa ikikutana na unyevu hula shaba na fedha, na ndani ya kompyuta njia za umeme ni shaba, na viungo vingi vina fedha. Shule zilizozungukwa na mashamba Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa zinahitaji jambo dogo: katika miezi ya kupuliza, madirisha ya chumba cha kompyuta yafungwe alfajiri na kufunguliwa upepo ukishatulia, na mashine zipulizwe vumbi mwanzo na mwisho wa kipindi hicho.

4. Intaneti inangojwa wakati si lazima ingojwe

Video moja ya somo ni kama MB 30. Watoto 40 wakiifungua kila mmoja kwa bando, somo moja limekula GB 1.2. Hakuna shule itakayolipa hivyo kila siku. Na hata palipo na mtandao, haukosi kukatika: Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima.

Njia ipo na ni ya bei ndogo. Chukua mpakato moja yenye RAM ya GB 4 au zaidi na diski ya GB 500. Weka humo Kolibri na Kiwix, programu za bure zinazohifadhi masomo, video na kamusi elezo, zikiwamo za Kiswahili. Upakuaji ufanyike mara moja mjini penye mtandao mzuri, kisha unakiliwa kwa diski ya nje kwenda shule nyingine. Unganisha mpakato hiyo na rauta ndogo isiyo na intaneti. Vishikwambi vinajiunga na waifai ya rauta, vinafungua kivinjari, vinaandika anwani ya mashine ile ikifuatwa na :8080. Somo linafunguka bila senti ya bando.

Kinachoharibika ni vitu viwili. Rauta ikizimwa na kuwashwa hugawa anwani upya, na kesho yake mwalimu anasema "imegoma". Dawa ni kuifunga anwani ya mpakato ndani ya rauta isibadilike. Pili, rauta ya kawaida ya nyumbani inalemewa vifaa zaidi ya 15 au 20 vikicheza video kwa pamoja. Wapangwe kwa makundi, au video ioneshwe kwa projekta na vishikwambi vibaki kwa mazoezi. Kwa vitabu vya Maktaba Mtandao, halmashauri iombe Taasisi ya Elimu Tanzania ruhusa ya maandishi ya kuvihifadhi kwenye mashine hizo. Mwalimu mmoja mmoja hawezi kuomba hilo.

Hapo hapo tuseme la bando la walimu wenyewe. Kujaza PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), kusajili wanafunzi kwenye mfumo wa PReM, kuingia kwenye masomo ya MEWAKA, yote hufanyika kwa simu na fedha ya mwalimu. Ni kazi za mwajiri.

5. Mashine za msaada zinapokelewa bila kuulizwa umri

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi kompyuta zenye prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8, wala zisizo na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama). Tangu hapo ofisi nyingi, za ndani na za nje, zina kompyuta za kutoa, na shule za Kusini ni mahali pazuri pa kuzitua. Tunashauri msikatae, bali muwe na masharti: RAM isiyopungua GB 4, diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), chaja inayofanana na mashine, na betri inayoshika walau saa moja. Zisizofaa kwa Windows 11 ziwekewe Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na LibreOffice, programu za bure za ofisi. Mtoto atajifunza kuandika, kupiga hesabu kwenye majedwali na kutafuta habari bila kupungukiwa. Ya zamani yenye diski ya kuzunguka huchukua dakika kadhaa kuwaka, na kipindi chenyewe ni dakika 40. SSD ya GB 240 inaondoa tatizo hilo.

6. Mafunzo ya siku moja ukumbini

Hili fupi. Walimu wanakusanywa, wanaoneshwa slaidi, wanapewa soda na cheti. Mwalimu akirudi shuleni anakuta chaja imepotea. Jumuiya za Kujifunza za MEWAKA zipo tayari kwenye shule. Fundi aende huko mara moja kwa muhula, afanye kazi na walimu kwenye mashine zao wenyewe, na kila shule ibaki na walimu wawili wanaojua kusafisha RAM, kubadili diski na kuwasha ile mashine ya masomo. Wawili, kwa sababu mmoja atahamishwa.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema fedha hakuna. Shule 40 zenye vyumba vya kompyuta mpakato, kwa shilingi 26,000 za LUKU kwa miezi 10, ni shilingi milioni 10.4 kwa mwaka. Tangu sheria ibadilishwe 2017, ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Tufanye korosho ni shilingi 3,000 kwa kilo. Ushuru ni shilingi 90, na tani 116 zinalipa umeme wa shule zote 40. Mnajua vizuri kuliko sisi ni mzigo wa tani ngapi unaopita mnadani kwa msimu.

Mtasema zitaibwa. Wizi upo, na hatuudharau: nondo za dirishani, kufuli mbili zenye wenye funguo wawili tofauti, namba ya shule iliyochorwa kwenye kasha la kila mashine. Ila kumbukeni kwamba mashine iliyokaa kabatini miaka minne imepotea pia, tofauti ni kwamba hakuna aliyepelekwa polisi.

Mtasema manunuzi lazima yapite NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni. Sawa, yapite. Ndiyo maana tunaomba halmashauri inunue kwa mkupuo mmoja betri, SSD, chaja na spiriti kwa shule zote, badala ya kila mwalimu mkuu kuhangaika na zabuni ya chaja mbili.

Mtasema walimu hawataki. Wapo. Wapeni kwanza wanaotaka.

Tunachoomba

Kwanza, kasma inayojitegemea ya uendeshaji na matengenezo ya TEHAMA kwenye bajeti ijayo, kutoka mapato ya ndani, ionekane kwa jina kabla Baraza la Madiwani halijapitisha.

Pili, waraka wa Mkurugenzi kwa wakuu wa shule unaosema wazi kwamba kifaa kilichoharibika kikiwa kimeandikwa kwenye daftari la matumizi (tarehe, darasa, kipindi, namba ya mashine, tatizo) hakitadaiwa kwa mtu, na kwamba mkaguzi wa ndani atahesabu saa za matumizi pamoja na idadi. Hili halina gharama na linaweza kutoka wiki hii.

Tatu, ukaguzi wa kifundi wa vyumba vyote vya kompyuta: volti ikipimwa asubuhi na jioni, ethi ikipimwa, na matokeo yabandikwe mlangoni.

Nne, ruhusa ya kutumia mashine zilizokufa kama spea, na kufuta kwenye leja kinachobaki.

Tano, mashine moja ya masomo yasiyohitaji intaneti kwa kila shule yenye vishikwambi, ikianzia na shule za mbali, Liwale na Nanyumbu zikiwamo.

Sita, bando la kazi kwa kazi za mwajiri.

Tunaomba jibu la maandishi, libandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za shule, likionesha kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa sababu gani. Mkitaka kuona hesabu zetu au kuona RAM ikisafishwa, tuko tayari kuja na vifaa vyetu siku yoyote ya kazi.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu na mafundi wa TEHAMA, shule za umma, Lindi na Mtwara

Nakala:
Makatibu Tawala wa Mikoa
Waheshimiwa Madiwani, kupitia Kamati za Fedha
Kamati na Bodi za Shule